Kusini mwa Hispania kwa Mpangilio wa Historia: Mwongozo Kamili kwa Msafiri

Wengi wetu tukitaja Hispania, akili hukimbilia Madrid na Barcelona: viwanja vya mpira, maduka, picha. Ni miji mizuri na sitamzuia mtu. Lakini sehemu ya nchi ile inayosema na sisi moja kwa moja iko kusini, Andalusia, ambako dola za Kiislamu zilitawala kwa karibu miaka 800, zikaondoka, na kuta zake zikabaki. Mtu aliyekulia Mombasa, Lamu au Zanzibar ameshaona mihirabu, ameshaona aya zilizochongwa juu ya mlango, na anajua ngome ya mtawala mmoja inavyogeuka kuwa jela au ofisi ya mtawala anayemfuata. Anaingia Córdoba akiwa na macho ambayo watalii wengine hawana.

Ushauri wangu mkuu ni huu: zuru miji kwa mpangilio ambao historia ilitokea. Toledo ukipata nafasi, kisha Córdoba, kisha Sevilla, na Granada iwe ya mwisho. Ratiba nyingi za utalii hupangwa kwa urahisi wa ndege na hoteli, ndiyo maana watu huanza na Alhambra, ngome na majumba ya masultani wa Granada, wakapigwa na butwaa, halafu kila kinachofuata kikaonekana kidogo. Alhambra ni kazi ya watu waliokuwa wanajua kwamba wamebaki peke yao. Ukiifikia bila kupita Córdoba, utaona uzuri wake bila kuelewa huzuni iliyomo ndani yake.

Hatua ya kwanza: shika tarehe kabla ya kushika tiketi

Huna haja ya kukariri majina ya wafalme wote. Shika tarehe chache tu, nyingine zitajipanga zenyewe.

Warumi waliingia mwaka 218 KK wakipigana na Karthago, na wakakaa miaka zaidi ya 600. Waliacha lugha, barabara na nguzo za mawe ambazo utazikuta zikitumika tena ndani ya misikiti. Baada yao walikuja Wavisigothi, kabila la Kijerumani lililofanya Toledo kuwa makao yake makuu. Mwaka 711 Tariq ibn Ziyad alivuka mlango wa bahari kutoka Afrika Kaskazini na jeshi ambalo wengi wake walikuwa Waberiberi, akamshinda mfalme Roderic. Mlima alioshukia bado una jina lake: Jabal Tariq, yaani Gibraltar.

Mwaka 756 kijana wa ukoo wa Umayya, Abd al-Rahman, aliyekimbia kutoka Sham baada ya jamaa zake kuuawa na Waabbasi, alijitangaza amiri wa Córdoba. Mwaka 929 mjukuu wake wa mbali, Abd al-Rahman wa Tatu, alijitangaza khalifa. Ukhalifa huo ulivunjika mwaka 1031 ukawa vijidola vinavyogombana, na hapo ndipo wafalme wa Kikristo wa kaskazini walipopata njia: Toledo ilianguka mwaka 1085, Córdoba 1236, Sevilla 1248. Granada ilidumu peke yake hadi tarehe 2 Januari 1492.

Mwaka huohuo wa 1492 Wayahudi waliamriwa kubatizwa au kuondoka, na Columbus akasafiri. Waislamu waliobaki walilazimishwa kubatizwa miaka michache baadaye, na vizazi vyao, walioitwa Wamorisko, wakafukuzwa kati ya 1609 na 1614, kama watu 300,000. Nashauri tarehe hii ya mwisho uiweke moyoni kuliko zote. Inaeleza kwa nini unaweza kutembea Granada siku nzima kati ya majengo ya Kiislamu usikutane na ukoo hata mmoja unaokumbuka babu aliyesali humo.

Je, sisi tunahusika vipi? Kuna nyuzi mbili za kweli. Ibn Battuta alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Karibu miaka 20 baadaye alikuwa Granada, na hapo alikutana na Ibn Juzayy, mwandishi ambaye baadaye ndiye aliyeandika kwa kalamu yake masimulizi ya safari zile. Yaani habari tulizo nazo kuhusu Kilwa ya karne ya 14, sultani wake mkarimu na nyumba zake za miti, zilipita mkononi mwa mtu wa Granada. Uzi wa pili ni Fort Jesus. Ujenzi wake ulianza mwaka 1593, na tumezoea kusema ni kazi ya Wareno, jambo ambalo ni sahihi. Lakini kuanzia 1580 hadi 1640 Ureno na Hispania zilikuwa chini ya mfalme mmoja, na mfalme wa wakati huo alikuwa Felipe wa Pili, yule yule aliyejenga jumba la El Escorial karibu na Madrid.

Hatua ya pili: viza na karatasi

Wenye pasipoti za Kenya, Tanzania, Uganda, Kongo, Rwanda na Burundi wanahitaji viza ya Schengen, yaani viza moja ya nchi nyingi za Ulaya. Inaruhusu kukaa siku 90 ndani ya kila siku 180, katika nchi zote za eneo hilo zikijumlishwa pamoja. Hispania ina ubalozi Nairobi na Dar es Salaam. Maombi hupokewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na yasipungue siku 15. Usisubiri hizo siku 15. Miezi mitatu kabla ni muda wa mtu mwenye akili tulivu, hasa ukitaka kusafiri wakati wa kiangazi au Pasaka.

Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na idumu angalau miezi mitatu baada ya tarehe ya kutoka Schengen. Bima ya safari ifikie yuro 30,000. Ada ya mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024. Utatakiwa kuonyesha taarifa za benki, mahali pa kulala na sababu ya kurudi nyumbani: kazi, biashara, masomo, familia. Taarifa ya benki iliyojazwa pesa ghafla wiki moja kabla ya maombi huleta maswali, kwa hiyo acha akaunti ionyeshe maisha yako ya kawaida.

Jambo moja ni la Hispania hasa: ukifikia kwa ndugu au rafiki, barua yake ya kawaida haitoshi. Mwenyeji wako anapaswa kwenda kituo cha polisi cha mji wake kuomba barua rasmi ya mwaliko, iitwayo carta de invitación, na inaweza kuchukua wiki kadhaa. Mwambie mapema.

Hatua ya tatu: msimu

Julai na Agosti, Córdoba na Sevilla hupita nyuzi 40 mara kwa mara. Joto lile ni kavu, halina upepo wa bahari, na mtu wa pwani anayedhani amelizoea jua hushangaa. Aprili, Mei na Oktoba ndiyo miezi ya kwenda. Granada iko kwenye mwinuko wa karibu mita 700 chini ya milima ya Sierra Nevada, ambako kilele cha Mulhacén kina mita 3,479, kwa hiyo hata Aprili chukua sweta.

Wiki Takatifu kabla ya Pasaka ni ya ajabu kuiona lakini hoteli hupanda bei sana. Mei huko Córdoba kuna mashindano ya nyua za maua, ambapo wenye nyumba hufungua milango yao watu waingie kutazama. Ukiweza kuchagua mwezi mmoja tu, chagua huo.

Hatua ya nne: tiketi ya Alhambra ndiyo inayoamua ratiba

Nunua hii kabla ya treni na kabla ya kulipia hoteli za Andalusia, mara tu viza ikishatoka. Tiketi za Alhambra huisha wiki nyingi kabla. Zinatolewa kwa jina na namba ya pasipoti, na zina saa maalumu ya kuingia katika majumba ya kifalme ya Wanasri, ukoo wa masultani wa Granada. Ukichelewa saa yako huingii sehemu hiyo, hata kama umelipia. Nunua katika tovuti rasmi ya Alhambra. Kuna tovuti nyingi za mawakala zinazofanana nayo na kuongeza bei. Hakikisha tiketi imeandika majumba ya Wanasri, kwa sababu kuna tiketi ya bei nafuu ya bustani na ngome pekee, na aliyeinunua bila kujua husimama mlangoni akitazama wenzake wakiingia.

Ukiisha kuwa na tarehe hiyo, hesabu kurudi nyuma: siku mbili au tatu Sevilla, mbili Córdoba, moja Toledo.

Treni ya mwendokasi hutoka Madrid, stesheni ya Atocha, hadi Córdoba kwa chini ya saa mbili. Sevilla iko kama dakika 45 mbele yake. Kutoka Sevilla unaweza kwenda Granada kwa treni au basi. Bei za treni hufanana na za ndege: anayenunua mapema hulipa kidogo. Fika stesheni nusu saa kabla, mizigo hupitishwa kwenye mashine ya ukaguzi. Tiketi zote huandikwa kwa saa 24, kwa hiyo 14:00 ni saa nane mchana ya kwetu. Nchi ile iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa mbili wakati wa baridi na saa moja wakati wa kiangazi.

Hatua ya tano: Toledo, kwa siku moja

Ni nusu saa na dakika chache kwa treni kutoka Madrid. Usihangaike kuona kila kitu. Tafuta msikiti mdogo wa Cristo de la Luz, uliojengwa mwaka 999, na sinagogi mbili: Santa María la Blanca, yenye matao ya umbo la kwato ya farasi utakayoyaona tena Córdoba, na El Tránsito, ambako maandishi ya Kiebrania yamezungukwa na nakshi za mafundi waliofuata mtindo wa Kiislamu. Katika karne ya 12 na 13 wasomi wa mji huu, Waislamu, Wayahudi na Wakristo, walitafsiri vitabu vya Kiarabu vya tiba, nyota na falsafa kwa Kilatini, na vyuo vya Ulaya vikajengewa juu ya kazi hiyo. Hapa ndipo pa kujifunza kwamba dini tatu ziliishi pamoja. Ziliishi pamoja kwa kodi, kwa mipaka na mara nyingine kwa damu. Wasikuuzie hadithi ya peponi, wala hadithi ya vita bila kupumzika.

Hatua ya sita: Córdoba, na namna ya kusoma msikiti

Jengo moja linatosha kukupeleka Córdoba. Msikiti ulianza kujengwa miaka ya 780 chini ya Abd al-Rahman wa Kwanza, ukapanuliwa mara tatu na watawala waliomfuata. Baada ya mwaka 1236 ukawa kanisa kuu, na bado ni kanisa kuu leo.

Ingia asubuhi mapema. Kwa kawaida Jumatatu hadi Jumamosi kumekuwa na saa moja ya asubuhi ya kuingia bure kabla ya makundi kufika. Thibitisha kwenye tovuti yao. Ukishapita mlango usikimbilie katikati. Simama katika sehemu ya kale zaidi na utazame nguzo miguuni. Hazilingani. Rangi tofauti, vichwa tofauti, nyingine zimezamishwa sakafuni. Mafundi walizichukua kutoka majengo ya Warumi na Wavisigothi, na kwa kuwa zilikuwa fupi kwa ukumbi mpana namna ile, wakabuni matao mawili juu ya kila nguzo, moja juu ya jingine, mawe meupe na matofali mekundu kwa zamu, ili dari ipande na hewa izunguke. Shida ya mafundi ndiyo iliyozaa umbo ambalo sasa dunia nzima inalijua.

Kutoka hapo tembea kuelekea mihirabu ya al-Hakam wa Pili, ya miaka ya 960. Kadiri unavyosogea, nakshi zinakuwa nzito. Vijiwe vya dhahabu na buluu vinavyozunguka mihirabu vilipangwa kwa ufundi wa Byzantium, dola ya Constantinople. Waandishi wa Kiarabu wa zamani wanasema mfalme wa Constantinople ndiye aliyetuma fundi na shehena ya vijiwe. Ufalme wa Kikristo ulichangia kupamba kibla cha khalifa. Kisha geuka, uende katikati, ambako kuanzia mwaka 1523 maaskofu walikata nguzo na kuinua kanisa refu jeupe ndani ya msikiti. Wapo wanaolichukia na wapo wanaosema ndilo lililouokoa msikiti usibomolewe wote. Mimi naona hasara ni kubwa, lakini kaa kwenye kiti dakika kumi utazame juu kabla ya kuamua.

Kwa msafiri Mwislamu: kusali ndani hairuhusiwi, na walinzi huzuia hata sijda moja. Maombi ya Waislamu wa Hispania ya kuruhusiwa yamekataliwa na uongozi wa Kanisa. Najua maumivu ya kusimama mbele ya mihirabu ile bila kusujudu. Usibishane na mlinzi. Sali kabla ya kuingia.

Siku ya pili nenda Madinat al-Zahra, kilomita kama nane magharibi ya mji, kwa basi la wageni linalotoka mjini. Ulikuwa mji wa kifalme wa Abd al-Rahman wa Tatu, ukaporwa na kuchomwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe mwanzoni mwa karne ya 11, haujatimiza hata miaka 80. Anza na jumba la makumbusho. Na ukiwa mjini, mpitie mwanafalsafa Ibn Rushd, aliyezaliwa hapa mwaka 1126, na Musa ibn Maimun, tabibu na mwanachuoni wa Kiyahudi aliyezaliwa hapahapa miaka michache baadaye. Sanamu zao zote mbili ziko karibu na ukuta wa mji wa kale.

Hatua ya saba: Sevilla, mji wa tabaka

Mnara wa Giralda ulijengwa na Wamuwahidun, dola ya Kiislamu kutoka Morocco, kati ya 1184 na 1198 kama mnara wa adhana, ndugu wa mnara wa Kutubiyya wa Marrakech. Karne ya 16 ukaongezewa kichwa cha kengele. Kupanda hakuna ngazi ila mwishoni kabisa. Ni miteremko 35 inayozunguka, ili muadhini apande akiwa juu ya mnyama. Wazee wanaweza kuupanda polepole bila taabu. Uwanja wa michungwa chini yake ulikuwa ua wa kutawadhia.

Jumba la Alcázar, mlango wa jirani, ndilo funzo bora la Andalusia yote. Mtu akiliona hudhani ni kazi ya sultani. Sehemu yake kuu ilijengwa miaka ya 1360 na mfalme Mkristo, Pedro wa Kwanza, zaidi ya miaka 100 baada ya Sevilla kutekwa, kwa mafundi Waislamu wa Granada, Toledo na Sevilla yenyewe. Maandishi ya Kiarabu humo yanamwita mfalme huyo sultani, na mbele ya jumba kuna vigae vya buluu vyenye kaulimbiu ya watawala wa Granada: hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu. Mfalme alipotaka kuonekana mkubwa, alitumia lugha ya ukubwa aliyoijua, nayo ilikuwa ya Kiislamu. Nunua tiketi mapema mtandaoni.

Baadaye Sevilla ikawa lango la Amerika. Kuanzia mwaka 1503 biashara yote ya makoloni ilipita hapa, na jengo la Archivo de Indias, ambalo kuingia ni bure, linatunza nyaraka za himaya hiyo. Columbus ana kaburi kubwa ndani ya kanisa kuu.

Hapa nakuomba usipite haraka. Katika karne ya 16 Sevilla na Lisbon zilikuwa masoko makubwa ya watumwa Waafrika katika Ulaya. Watu waliuzwa kwenye ngazi za kanisa kuu lilelile unalopigia picha. Mabango ya utalii hayasemi sana. Lakini Waafrika wa Sevilla waliacha alama yao: udugu wa kidini ulioanzishwa mwishoni mwa karne ya 14 na Askofu Mkuu Gonzalo de Mena kwa ajili ya watu weusi, unaojulikana hadi leo kwa jina la Los Negritos. Kwa karne nyingi wanachama wake walikuwa weusi, watumwa na walioachwa huru. Kanisa lake dogo lipo, na sanamu zake hutoka kwa maandamano kila Alhamisi Kuu, ingawa wanaozibeba leo karibu wote ni weupe.

Ukija Wiki Takatifu utaona waandamanaji wenye kofia ndefu za ncha na vitambaa vinavyofunika uso. Mtu mweusi aliyeona picha za Marekani hushtuka, na ana haki ya kushtuka. Vazi hilo ni la toba, lina karne kadhaa kabla ya Ku Klux Klan, kundi la wabaguzi wa rangi la Marekani, na hapa halina maana ile. Waeleze watoto kabla hamjatoka hotelini.

Flamenco isikilize Triana, ng'ambo ya mto, katika ukumbi mdogo. Iliumbwa zaidi na Wagitano, watu wa asili ya Kiromani waliofika Hispania karne ya 15 na kuteswa kwa sheria nyingi. Uimbaji ndio moyo wake. Gita na ngoma ya miguu huufuata. Usipige makofi kufuatisha mdundo, mapigo yake ni magumu na utawavuruga. Neno la kuwatia moyo, olé, litatoka kwa wanaojua, wewe sikiliza.

Hatua ya nane: Granada, mwisho

Watawala wa Kinasri walianza mwaka 1238 na wakaishi miaka zaidi ya 250 kwa kulipa kodi kwa wafalme wa Castilla, kwa diplomasia, na kwa kuwapokea wakimbizi wa miji iliyoanguka. Wakimbizi hao walileta ufundi. Ndiyo sababu nakshi zote za Andalusia zimejaa hapa.

Panga hivi: ngome ya Alcazaba kwanza, kisha majumba kwa saa iliyoandikwa kwenye tiketi, kisha bustani za Generalife. Ndani ya majumba usitazame mapambo yote kwa pamoja, utachoka. Fuata maji. Yanakuja kwa mfereji kutoka mto Darro, kilomita kadhaa juu, na kila ua unayatumia kwa namna yake: katika ua wa Comares yametulia na kuakisi mnara, katika ua wa Simba yanatembea kwenye vijifereji vinne hadi katikati, ambako simba 12 wa mawe wamebeba bakuli lenye shairi la Ibn Zamrak kuzunguka ukingo wake. Anayesoma Kiarabu atakutana na ile kaulimbiu, wa la ghaliba illa Allah, mara zisizohesabika. Kisha tazama jumba la mfalme Mkristo Carlos wa Tano, mviringo ndani ya mraba, lililopachikwa katikati ya yote kuanzia mwaka 1527. Ni zuri peke yake. Mahali lilipowekwa ndipo penye kauli.

Mchana shuka mjini. Katika kanisa la Capilla Real wamezikwa Isabel na Fernando, waliopokea funguo za mji. Mkataba wa kusalimu amri uliahidi Waislamu dini yao, misikiti yao na sheria zao. Ahadi haikumaliza miaka kumi. Askofu Mkuu Cisneros aliamuru vitabu vya Kiarabu vichomwe, na mapokeo yanautaja uwanja wa Bib-Rambla, ambao leo umejaa maua na mikahawa. Keti hapo, unywe kahawa, ukijua.

Granada hiihii ndiyo alikofundisha Juan Latino, mtu mweusi aliyekulia utumwani katika nyumba ya kabaila, akajifunza pamoja na mtoto wa bwana wake, na akawa mwalimu wa Kilatini wa kuheshimika. Mwaka 1573 alichapisha mashairi yake kwa lugha hiyo. Mtajie mwongozaji wako jina lake uone kama anamjua.

Jioni panda mtaa wa Albaicín hadi uwanja wa San Nicolás. Karibu yake kuna msikiti mkubwa uliofunguliwa mwaka 2003, wenye bustani inayotazamana na Alhambra. Hapa unaweza kusali. Mwislamu ambaye hakuruhusiwa Córdoba, sala ya magharibi ya hapa aipange.

Chakula, na habari ya nguruwe

Chakula cha mchana ni saa nane hadi saa kumi, cha usiku huanza saa tatu. Ukienda mkahawani saa moja jioni utakuta jiko limefungwa. Maduka mengi madogo hufungwa mchana. Siku za kazi uliza menú del día: mlo kamili kwa bei moja, na ndiyo njia ya kula vizuri bila kuumia mfukoni.

Nguruwe yuko kila mahali, hata pale usipomtarajia: vipande vidogo juu ya supu baridi ya salmorejo, ndani ya maharage, na mafuta yake katika biskuti za Krismasi. Ukaidi huu una historia. Wakati wa Baraza la Kuhukumu Imani, lililoanza mwaka 1478, kukwepa nguruwe kulitosha kumtia mtu mashakani kwamba bado ni Mwislamu au Myahudi kwa siri. Jifunze sentensi mbili: no como cerdo, sili nguruwe, na sin jamón, por favor, bila paja la nguruwe, tafadhali. Usiseme tu «bila nyama», kwa sababu kwa wahudumu wengi jamón haihesabiki kama nyama.

Vya kufurahia ni vingi: samaki wa kukaanga kwa mafuta ya zeituni, mchicha na dengu kubwa wa Sevilla, bilinganya za kukaanga na asali ya miwa wa Córdoba, tortilla ya viazi. Halali utapata katika mitaa ya Calderería huko Granada na katika mtaa wa Lavapiés, Madrid, ambako Wasenegali wanapika wali na samaki utakaokukumbusha nyumbani.

Adabu

Ukiingia dukani au kwenye lifti, salimia: buenos días hadi wakati wa chakula cha mchana, buenas tardes baada yake. Kunyamaza huonekana kiburi. Watu hupigana busu mbili mashavuni, mwanamke na mwanamke, mwanamke na mwanamume. Asiyependa anyooshe mkono mapema, hakuna atakayekasirika. Wazee waite usted, yaani «wewe» ya heshima. Makanisani funika mabega.

Mazungumzo yanayohitaji uangalifu ni ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1936 hadi 1939 na udikteta wa Franco uliodumu hadi alipofariki mwaka 1975. Familia nyingi bado zina jamaa walioko kwenye makaburi ya pamoja yasiyo na alama. Mshairi Federico García Lorca aliuawa karibu na Granada Agosti 1936 na mwili wake haujapatikana hadi leo. Uliza kama mgeni anayetaka kuelewa, halafu sikiliza.

Tembea na hati zako. Polisi wana haki ya kuzitaka, na mtu mweusi huulizwa mara nyingi zaidi kuliko wengine. Toa kwa utulivu. Ukiwapo tarehe 5 Januari, kwenye maandamano ya Mamajusi unaweza kumwona Baltasar ambaye ni mzungu aliyepakwa rangi nyeusi usoni. Miji kadhaa imeacha, mingine bado.

Kurudi kupitia Madrid

Acha jioni moja kwa ajili ya makumbusho. Prado huwa bure saa mbili za mwisho kila siku: kuanzia saa kumi na mbili jioni Jumatatu hadi Jumamosi, saa kumi na moja Jumapili. Foleni huanza mapema. Wote watakwenda kwa michoro ya Velázquez, mchoraji wa mfalme, nawe nenda, lakini uliza pia mchoro wa mwaka 1661 unaoonyesha kuitwa kwa Mathayo. Aliyeuchora ni Juan de Pareja wa Antequera, Andalusia, mwenye asili ya Kiafrika, aliyekuwa mtumwa wa Velázquez hadi bwana huyo alipomwandikia uhuru mwaka 1650. Alijichora mwenyewe upande wa kushoto kabisa, amesimama, na karatasi mkononi yenye jina lake.